Mkono wa Kushoto wa Steve Dalkowski

Agosti 31, 1957, kijana wa miaka 18 mwenye miwani aliwatoa wapigaji 24 wa Bluefield kwa straiki. Mchezo mzima wa besiboli unahitaji wapigaji 27 tu wa timu pinzani watolewe, kwa hiyo karibu kazi yote aliifanya peke yake. Lakini usiku huohuo alirusha ovyo hata wapinzani 18 wakapewa kituo cha kwanza bure, na timu yake ikafungwa 8-4.

Huyo ndiye Steve Dalkowski, mtoto wa New Britain, Connecticut. Klabu ya Baltimore Orioles ilikuwa imemsajili mwaka huo na kumpeleka Kingsport, Tennessee, daraja D, chini kabisa ya ligi ndogo. Wamarekani huziita timu za namna hiyo mashamba. Branch Rickey wa St. Louis Cardinals ndiye aliyeueneza mtindo huo miaka ya 1920: klabu kubwa inapanda vijana wengi mikoani, inasubiri wachache wakomae.

Dalkowski hakukomaa upesi. Mwaka 1958 alipelekwa kwenye kambi ya jeshi ya Aberdeen, Maryland, mpira wake ukapimwe kasi kwa mtambo. Alirusha akiwa ardhi tambarare, bila kile kichuguu cha mrushaji, na ilichukua kama dakika 40 hadi mpira mmoja upite mahali pa kipimo. Mtambo ulisoma takriban kilomita 150 kwa saa. Waliowahi kusimama mbele yake hawakukikubali kipimo hicho hata kidogo. Kwao, hakuna aliyewahi kurusha kwa kasi kama yule kijana. Mwaka 1960, akiwa Stockton, California, aliwatoa watu 262 kwa straiki, na akawapa bure wengine 262. Mizani imelala sawasawa!

Makocha walimjaza maelekezo: simama hivi, shika vile, punguza nguvu. Earl Weaver, aliyempokea Elmira, New York, mwaka 1962, aliona mzigo wenyewe ndio huo. Akamwachia aina mbili tu za mitupo, na kumwambia alenge katikati ya bamba la mpigaji. Mpigaji akishakuwa na straiki mbili, ikibaki moja tu ya kumtoa, Weaver alipiga mluzi: sasa achia nguvu zote. Naamini huo ndio uliokuwa ualimu wa kweli. Msimu ule waliotolewa kwa straiki walikuwa 192, waliopewa bure 114.

Machi 1963 alikwishapimwa jezi ya Orioles. Katika mechi ya maandalizi dhidi ya Yankees, kiwiko cha kushoto kikalia. Kasi ile haikurudi tena. Alirejea mashambani kwa misimu michache, akaachwa, kisha akawa kibarua wa mashamba ya kweli huko California, pombe ikimwandama.

Septemba 2003 Orioles walimwita uwanjani kwao Baltimore kurusha mpira wa heshima kabla ya mechi. Alikuwa na miaka 64.