Kezilahabi, Ugogo na Dunia Iliyokwisha

Mwaka 2025 riwaya ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilitimiza miaka 35, na sikusikia kongamano wala hafla. Ni kitabu chembamba, kilichotoka Dar es Salaam mwaka 1990. Msafiri anapita katika nchi iliyonyamaza, na kinachosubiriwa ni ngoma kuu. Mwaka uliofuata ikaja Mzingile, ambamo dunia imekwisha kuteketea na mzee Kakulu kazaliwa kwa miujiza kama mashujaa wa ngano za bibi zetu. Wako waliolalamika kwamba Kezilahabi sasa anawaandikia maprofesa. Mimi siafiki. Mwana huyu wa Ukerewe, aliyezaliwa 1944, alimaliza shahada ya uzamivu Wisconsin mwaka 1985, kisha akarudi kwenye ngano na ngoma kutafuta kitakachobaki watu wakishapoteza kila kitu.

Msomaji wa Mlali, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo, nchi ya Wagogo. Mwanahistoria Gregory Maddox anaonesha kwamba majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kubeba nafaka, mifugo na wanaume kabla mvua haijagoma. Mwaka 1947 Waingereza wakaleta Kongwa mpango wao wa karanga. 1951 wakaufuta, umeshameza zaidi ya pauni milioni 35.

Kisha ikaja Operesheni Dodoma, 1971, ya kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa, nayo haifai kupitwa mbio. Tembe la Mgogo lina paa bapa, miti iliyotandazwa na kufunikwa udongo, na vyumba vyake vinauzunguka ua wa ng'ombe. Mwenye tembe alikaa karibu na shamba na malisho yake. Mifugo yake hakuiweka zizi moja: wengine aliwakopesha ndugu, wengine rafiki wa mbali, ili ukame ukipiga huku, kule kubaki kitu. Elimu hiyo ilikuwa imevusha watu katika Mtunya. Viongozi wakaliona tembe kuwa alama ya unyonge, wakataka watu wapangwe kwa safu, nyumba bora pembeni mwa barabara. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na vingi vilipatikana, lakini aliyekuwa akijua kuishi na ukame hakuulizwa.

Kezilahabi aliuliza. Gamba la Nyoka, 1979, inasimulia kuhamishwa kwa watu wa Kisole na Bucho, vijiji alivyovibuni, Nyerere angali Ikulu. Wanavijiji wake si mzigo wa kupakiwa kwenye lori. Wanagoma, wanabishana, wana akili zao. Ulikuwa ujasiri mkubwa, na naamini hajalipwa sifa anayostahili. Baada yake alikaa miaka 11 bila kutoa riwaya, na aliporudi na Nagona, vijiji vilikuwa vimegeuka dunia nzima.

Ngoma kuu ya Nagona, sisi wa Ugogo tunaisikia kwa sauti ya muheme: wanawake wamebana ngoma mapajani, wanapiga kwa viganja, miguu ikijibu vumbini. Muheme ulivuka njaa, karanga na operesheni. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliichukua ilimba, kinanda cha vidole cha Wagogo, akaizungusha duniani. Kezilahabi naye alituacha Januari 2020.

Serikali sasa imehamia Dodoma, chuo kikuu kipo tangu 2007, maghorofa yanaota. Lakini mji huu una kumbukumbu isiyofaa kusahauliwa. Mwandishi Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, Mtunya ikianza, na mwaka 1954 akachapisha kwa Kiswahili historia, mila na desturi za Wagogo. Maddox aliitafsiri kwa Kiingereza, ikachapwa Marekani mwaka 1995. Chuo chetu kiichape upya kwa Kiswahili, kiiweke rafu moja na Gamba la Nyoka na Nagona, na shule za Kongwa zipelekewe kwanza.