Sepetu ifaayo kufukulia bikoni ya ploti

WENYE ploti katika mtaa wa Kahawa Sukari, kando ya Barabara Kuu ya Thika, Kaunti ya Kiambu, aghalabu huanza kutafuta bikoni ujenzi unapokaribia au jirani anapolalamikia ua. Kufikia wakati huo, huenda alama hiyo imefunikwa na udongo au kifusi. Kifaa cha kugundua metali huweza kuonyesha ilipo, lakini sepetu ndiyo huamua iwapo itafikiwa ikiwa salama.

Bikoni nyingi nchini ni kipande cha chuma kilichosimikwa katika saruji. Thamani yake yote ni mahali iliposimama. Ikisogezwa, haithibitishi tena mpaka. Ndiyo sababu jembe na sururu hazifai, kwani hupigwa kwa kishindo kutoka juu bila mchimbaji kuona zinakotua. Koleo pana la kuzolea mchanga nalo huchimba shimo kubwa bila haja.

Ifaayo ni sepetu yenye bapa jembamba, upana wa sentimita 12 hadi 15, na ncha ya mviringo. Ukingo wa juu uwe umekunjwa ili mguu ukanyage bila kuteleza. Mpini wenye kishikio cha herufi D humwezesha mchimbaji kuidhibiti kwa mkono mmoja anapokaribia chuma.

Kabla ya kununua, iwe ni dukani au kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, chunguza mahali bapa linapoungana na mpini. Hapo ndipo sepetu nyingi huvunjika. Shingo ndefu inayoushika mpini kwa ribiti mbili hudumu kuliko ile iliyochomelewa kwa doa moja.

Aina ya udongo pia izingatiwe. Katika ukanda wa Ruiru na Thika kuna udongo mwekundu unaochimbika kwa urahisi, na mweusi wa mfinyanzi ambao hunata wakati wa mvua na kuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi. Kwa huu mweusi, bapa linolewe kwa tupa na lipanguswe kila mara. Penye murramu, mtaimbo hutumiwa kulegeza kandokando, kamwe si juu ya mahali kifaa kinapolia.

Sepetu yenyewe ni chuma, hivyo iwekwe mbali kifaa kinapopitishwa. Ikumbukwe pia kwamba kifaa hicho hulia kwa misumari, vipande vya mabati na mabomba. Uchimbaji uanzie pembeni, kisha mwiko wa fundi au mkono umalizie. Ukikuta waya wa stima, simama mara moja.

Ramani ya upimaji, inayopatikana katika makao ya Idara ya Upimaji wa Ardhi, Ruaraka, hupunguza eneo la kuchimbwa. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kuharibu au kung'oa alama ya mpaka ni kosa. Bikoni ikipatikana imelala, isisimamishwe wala kufukiwa upya. Iachwe ilivyo, naye mpimaji mwenye leseni aitwe, kwani ndiye awezaye kuirejesha mahali pake kisheria.