Fosfati ya kuiga: inatengenezwa namna gani, na juu ya nini?

Ndani ya mwili, protini nyingi zinawashwa na kuzimwa kwa fosfati. Edmond Fischer na Edwin Krebs, wa Seattle huko Marekani, walipata zawadi ya Nobel mwaka 1992 kwa kuvumbua kazi hiyo. Katika kansa fulani, protini zinabaki zimewashwa, seli zinaongezeka ovyo.

Ili kuzizuia, watafiti wanatengeneza peptidi, ni kusema vipande vifupi vya protini, vyenye fosfati. Lakini enzimi za mwili zinaing'oa mbio. Kwa hiyo, kwenye asidi amino tirozini, wanakemia wanatosha oksijeni inayoshikilia fosfati, wanaweka kaboni yenye fluori mbili. Hapo enzimi zinashindwa kukata.

Mbele ya kuunganisha, sehemu zinazoweza kushikamana ovyo zinafunikwa: Fmoc kwenye nitrojeni, butili kwenye fosfati ya kuiga. Fmoc inatolewa kwa besi kila hatua. Butili inatolewa mwishoni kwa asidi kali.

Shida moja inabaki: fosfati hiyo ina chaji hasi, njo maana haipiti vizuri utando wa seli. Mpaka sasa ni chombo cha maabara zaidi kuliko dawa ya hospitali.