Uko Linux na Unataka Kuediti Video? Hizi Ndizo Programu Zinafanya Kazi, na Zenye Zitakusumbua

Microsoft waliacha kushughulikia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo, msee mwenye ako na HP EliteBook 840 G3 ama ThinkPad T460 ya ex-UK amebaki njia panda. Windows 11 kirasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na hizo mashine ziko na kizazi cha 6. Kununua ingine ni doo. Ndio maana wengi wameingia Linux, iwe ni Ubuntu ama Mint, ju ni ya bure na inafanya laptopu ya kitambo isonge tena.

Halafu mteja anapiga simu. Ruracio ni Jumamosi, na anataka video ya dakika 3 ifike WhatsApp Jumapili jioni. Unatafuta Premiere, haipo. CapCut, haipo. Hapo ndipo wasee wengi hukata tamaa na kurudi Windows.

Tulia kwanza. Linux iko na programu za kuhariri video zenye unaweza kulishia familia nazo. Ngori ni kwamba ziko mingi, na ukichagua ile mbaya utapoteza wikendi na mteja. Soma hii risto hadi mwisho ndio uchague mara moja.

Zenye hazipo, usizitafute

Adobe hawana Premiere ya Linux. Final Cut ni ya Mac na iPad pekee. CapCut haina programu ya Linux. Iko tu ile ya kutumia kwa brauza, na hiyo inataka uaploadi video zote kwanza. Kama bando yako ni ya kuhesabu, hiyo imeisha kabla uanze kukata.

Kuna wenye watakuambia upitishe Premiere kwa Wine, ile kitu inafanya programu za Windows zifunguke kwa Linux. Matoleo mapya ya Adobe yanasumbua sana hapo. Usiweke deadline ya mteja juu ya jaribio.

Na crack? Achana nayo. Faili nyingi za crack hubeba programu za kuiba paswadi na kuki za brauza. Mtu akipata kuki zako anaingia kwa YouTube yako bila hata kuulizwa paswadi. Umejenga chaneli miaka mitatu, inabebwa usiku mmoja.

1. Kdenlive: hii ndio ya kuanza nayo

Kama huna muda wa kusoma yote, weka Kdenlive na uendelee na maisha. Ilianza 2002, iko chini ya mradi wa KDE, na ni ya bure kabisa. Haina alama ya maji kwa video na haina toleo la kulipia.

Taimlaini yake imekaa kama ile ya Premiere: treki za video juu, za sauti chini. Ukitoka Premiere utazoea kwa siku mbili. Shift+R inakata klipu pale mstari umesimama. Iko na marekebisho ya rangi, maandishi, kuondoa kijani cha nyuma, na profaili za video za wima za 1080 kwa 1920 kwa wale wa TikTok.

Kitu ingine noma: inaweza kusikiliza sauti na kuandika manukuu yenyewe, ikitumia Vosk ama Whisper, na kazi inafanyika ndani ya mashine yako. Whisper inajua Kiswahili kiasi. Ukibonga Sheng nzito, jipange kurekebisha kwa mkono.

RAM inataka ngapi? Hesabu hivi: 8GB kwa video za HD, 16GB kwa 4K. Ukiwa na 4GB itafunguka, lakini fanya kazi ndogo ndogo pekee na ufunge brauza.

Ubaya wake? Ukijaza efekti nyingi kwa mashine dhaifu, kuangalia kazi yako inakwama kwama. Dawa ni proksi, tutafika hapo.

2. Shotcut: nyepesi na haina mambo mingi

Shotcut na Kdenlive zinatumia injini moja ndani, inaitwa MLT. Mwenye anaunda Shotcut, Dan Dennedy, ni mmoja wa wale walianzisha hiyo MLT. Kwa hivyo faili zenye moja inasoma, nyingine pia inasoma.

Tofauti ni sura. Ukiifungua mara ya kwanza utashangaa taimlaini iko wapi. Lazima uiwashe kwa kitufe cha juu. Ukishazoea, ni ya haraka: S inakata, X inatoa kipande na kuziba pengo. Wakati wa kutoa video, kuna kisanduku cha kutumia kadi ya grafiki, na kazi inaisha mapema kuliko kuachia prosesa pekee.

Kitu ya kupenda hapa: ukiingiza video ya simu yenye itasumbua, Shotcut yenyewe inakuuliza kama unataka iigeuze iwe rahisi kuhariri. Kubali.

Inafaa nani? Msee wa video za YouTube za mtu kuongea, masomo, mahubiri, na mwenye laptopu ya kitambo.

3. OpenShot: rahisi, lakini usiibebeshe mzigo

OpenShot ilianza 2008, na ndio rahisi kuelewa kuliko zote. Mtoto wa Fomu 2 ataishika kwa saa moja. Buruta klipu, kata, weka ngoma, toa.

Shida inakuja mradi ukikua. Klipu 40, treki 6, maandishi kila mahali, inaanza kuzubaa na wakati mwingine inajifunga. Kwa video ya bathdei iko fiti. Kwa harusi ya saa mbili yenye umelipwa deposit, ipite.

4. DaVinci Resolve: kubwa, lakini iko na mtego

Hii ndio ile ya studio kubwa. Inaundwa na Blackmagic Design wa Australia, na kwa rangi ni ngumu kuishinda. Iko na toleo rasmi la Linux na toleo la bure lenye linatoa hadi 4K. Hapo kila mtu huchangamka.

Sasa skiza vizuri. Toleo la bure la Linux halisomi H.264 wala H.265. Hizo ndizo kodeki zenye simu yako, kamera yako na drone hutumia. Na sauti ya AAC, ile iko kwa karibu kila MP4, imekuwa shida kwa Linux hata kwa wale wamelipia. Unaingiza video ya mteja na unapata "media offline", ama picha inakuja bila sauti. Laptopu haijaharibika, na video ya mteja iko sawa.

Njia ya kupita ni kugeuza kila klipu kwanza na ffmpeg:

`ffmpeg -i simu.mp4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_hq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le tayari.mov`

Inafanya kazi safi, lakini angalia diski. Dakika moja ya HD kwa hiyo fomati inakula zaidi ya 1GB. Video za saa moja ni kama 60GB na zaidi. Kama SSD yako ni ya 256GB, utajua hujui.

Kulipia Studio ni dola 295 mara moja, hakuna ya kila mwezi. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni karibu thao 38. Inakupa H.264 na H.265, lakini utahitaji kadi nzuri ya grafiki, na Nvidia ndio haina stress mingi kwa Linux. Kampuni yenyewe inapendekeza RAM ya 32GB. Ile EliteBook ya kadi ya Intel ya ndani, hapana, usijitese.

5. Zingine kwa haraka

- Blender. Watu huijua kwa 3D. *Flow*, filamu ya paka kutoka Latvia yenye ilibeba Oscar ya uhuishaji 2025, ilitengenezwa na Blender. Ndani yake kuna sehemu ya kuhariri video pia. Ni nzuri kama tayari unaitumia. Usiiweke kwa sababu ya kukata tu.
- Lightworks. Ya kitambo, na *Pulp Fiction* ilihaririwa nayo. Lakini toleo la bure linatoa video ya 720p pekee, na mteja wa leo hatakuelewa.
- Flowblade. Ya Linux, iko sawa, inatumia pia MLT. Jaribu kama Kdenlive haikubambi.
- LosslessCut. Hii kila mtu awe nayo. Inakata kipande cha video bila kukitengeneza upya, kwa hivyo ubora haushuki na kazi inaisha kwa sekunde chache. Kurekodi kwa saa tatu, unataka dakika 20 za hotuba ya mzee? Hapa ndio kwake.

Mambo matatu yenye yataokoa jina lako

Watu wengi husema "Linux ni mbaya kwa video" na shida ilikuwa mojawapo ya hizi.

Proksi. Hii ni nakala ndogo ya video yako. Unahariri ukitumia nakala, na wakati wa kutoa, programu inarudi kwa video halisi. Mteja anapata ubora wote, na laptopu yako haitoi jasho. Kdenlive na Shotcut zote ziko nayo. Ziwashe kwa mipangilio kabla ya kuingiza klipu. Kwa mashine ya RAM 8GB, hii ndio tofauti ya kumaliza leo na kumaliza kesho kutwa.

Fremu za simu. Simu nyingi hurekodi fremu zenye hazilingani: sekunde hii 30, sekunde ile 27. Mwanzoni mdomo na sauti ziko pamoja, ukifika dakika ya 10 pasta anafunga mdomo na "amina" bado inakuja. Zilinganishe kabla ya kuhariri:

`ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac sawa.mp4`

Kama terminali inakuogopesha, tumia HandBrake, chagua fremu 30 na uweke "constant". Kitu ni moja.

Stima. Ikipotea na betri ya ex-UK inashika dakika 12, kazi inaenda. Kdenlive na Shotcut hujihifadhi zenyewe, lakini bonyeza Ctrl+S kama mazoea. Pia elewa hii: faili ya mradi haibebi video ndani, inakumbuka tu ziko wapi. Ukihamisha folda ama ukichomoa flash, kila kitu kinageuka nyekundu. Weka kila kazi kwa folda moja: video, ngoma, picha, mradi. Ukitaka kuhamia mashine ya mbogi, Kdenlive iko na kitu ya kufungasha mradi wote pamoja.

Kuiweka bila kumaliza bando

Programu yenye iko kwa duka la Ubuntu ama Mint mara nyingi ni ya kitambo kidogo. Kupata mpya kuna njia mbili.

Ya kwanza ni Flatpak:

`flatpak install flathub org.kde.kdenlive`

`flatpak install flathub org.shotcut.Shotcut`

Mara ya kwanza itavuta mizigo mingi ya ziada, kwa hivyo fanya hiyo kwa Wi-Fi.

Ya pili ni AppImage, na hii ndio ya mtaa. Ni faili moja tu. Unaipakua kutoka kwa tovuti ya Kdenlive ama Shotcut yenyewe, unairuhusu ifanye kazi kwa `chmod +x`, na unaibonyeza. Mmoja akipakua, wengine mnapeana kwa flash. Hiyo ni halali kabisa, leseni inaruhusu. Na kama toleo jipya linasumbua katikati ya kazi, unarudi kwa faili ya zamani bila kuondoa chochote.

Sheria moja: usibadilishe toleo katikati ya kazi ya mteja. Maliza, tuma, lipwa, ndio uapgredi.

Sasa chagua

- RAM 4GB hadi 8GB, video za kuongea na za mitandao: Shotcut, na proksi iwe on.
- RAM 8GB kwenda juu, harusi, ngoma, matangazo: Kdenlive.
- Unaanza na hujui lolote: OpenShot kwa wiki moja, kisha uhamie Kdenlive.
- Uko na Nvidia, RAM ya kutosha, diski kubwa, na unataka rangi za sinema: DaVinci Resolve, ukijua ile stori ya H.264.
- Kukata tu: LosslessCut.

Na kabla uambie mteja bei, chukua video ya dakika 2 kutoka kwa simu yenyewe yenye itatumika siku hiyo. Iingize, ikate, weka maandishi, itoe, itume kwa WhatsApp yako, uitazame hadi mwisho na sauti juu. Ikifika salama, chukua deposit. Ikikwama, afadhali ikukwamie Jumanne ukiwa kejani kuliko Jumapili jioni mama ya bibi harusi akiwa laini.