Hewa Ndani ya Ekseli: Historia ya Magari Yavukayo Maji Marefu

Historia ya magari yanayovuka mito isiyo na daraja imeandikwa zaidi kama historia ya injini. Waandishi wake huanza na mifumo ya umeme iliyozibwa isipitishe maji, na huishia kwenye mkonga, yaani bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa, ili injini iendelee kupata hewa hata boneti ikifunikwa na mto. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanaiacha nje sehemu ya gari inayotangulia kuingia majini na inayochelewa kutoka, nayo ni ekseli. Injini ikinywa maji huzima papo hapo, dereva akiona. Ekseli ikinywa maji huendelea kuzunguka kwa siku au hata majuma kadhaa, ikaja kuvunjika mbali na mto, mahali ambapo lawama huiangukia barabara, mzigo au dereva mwenyewe. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuiandaa ekseli kabla ya kuvuka, ambayo imeokoa misafara mingi kuliko mkonga, haikupata sifa inayostahili.

Ekseli ngumu ya gari la porini ni kasha la chuma lenye uwazi ndani na uvimbe katikati, ambamo hukaa difu, yaani kitita cha gia kinachopokea nguvu kutoka kwenye propela shafti na kuigawa kwa magurudumu mawili. Ndani ya kasha hilo mna shafti, beringi zinazozishikilia, na mafuta ya gia ambayo hujaza sehemu tu ya nafasi iliyopo. Nafasi inayobaki hujaa hewa. Kila mahali ambapo kitu kinachozunguka hutokeza nje ya kasha huwekwa sili, yaani pete yenye mdomo laini unaoikumbatia shafti. Sili ya kawaida iliundwa kuzuia mafuta yasitoke, wala si kuzuia maji yasiingie, na mdomo wake huelekezwa ndani, upande wa mafuta. Kwa hiyo maji yanayosukuma kutoka nje huikuta pale ilipo dhaifu.

Hatari kubwa, hata hivyo, haitokani na uzito wa maji bali na hewa iliyomo ndani. Gari likitembea kwa saa kadhaa na mzigo, gia huyapasha mafuta joto, mafuta huipasha hewa, nayo hewa hupanuka. Ikichukuliwa kwamba hewa hiyo imefikia nyuzi 80 za Selsiasi, kisha kasha likazamishwa ghafla katika mto wenye nyuzi 25, kanieneo ya hewa iliyofungiwa hushuka kwa takriban asilimia 16, upungufu unaolingana na uzito wa maji yenye kina cha zaidi ya mita moja na nusu. Ekseli ya moto inayoingia katika kijito kinachofika magotini hushambuliwa basi kama ekseli baridi iliyolazwa mita 2 chini ya maji, na tofauti hiyo yote huzibebesha sili mzigo ambao hazikuundwa kuubeba. Hesabu hii inaeleza kwa nini magari mengi yaliharibikia katika vijito ambavyo dereva hakuvihesabu kuwa mito.

Wahandisi walilijua mapema tatizo la upande wa pili, kwamba hewa ya moto isipopata pa kutokea huyasukuma mafuta yapite kwenye sili na kumwagikia breki. Dawa yake ilikuwa kipumulio, yaani tundu dogo juu ya kasha, ambalo mara nyingi lilifunikwa na kofia ya chuma au vali yenye gololi ndogo. Kipumulio cha namna hiyo kilitosha kabisa barabarani. Majini kiligeuka kuwa kasoro, kwa sababu kikiwa tundu wazi kiliyapitisha maji moja kwa moja, na kikiwa vali inayofunguka kwa kutoa hewa tu kilijifunga wakati ekseli inapoa, kikaziacha sili peke yake zikabiliane na mvuto.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sili zenyewe zilitengenezwa kwa sufu iliyoshindiliwa au kwa ngozi, na zilivuja hata kwenye ukavu. Hatua kubwa ilipigwa Ujerumani na kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, iliyokuwa na viwanda vya kuchuna na kulainisha ngozi, na ambayo kuanzia 1929 ilielekeza ujuzi huo kwenye kutengeneza sili za ngozi za mashine. Mhandisi wake Walther Simmer aliiboresha sili ya shafti inayozunguka hadi jina lake likabaki kwenye bidhaa hiyo, na kabla miaka ya 1930 haijaisha ngozi ilianza kuachia nafasi kwa mpira unaotengenezwa viwandani, ambao hustahimili mafuta na joto. Inafaa kusisitizwa kwamba gari la kisasa linalovuka mto linadaiwa deni na watu waliojua ngozi kabla ya kujua magari. Sufu nayo haikutoweka: ekseli ngumu ya mbele ya Toyota Land Cruiser iliendelea kutumia pete ya sufu kufuta uchafu kwenye mpira wa chuma unaowezesha gurudumu kukata kona, kazi ambayo sufu huifanya vizuri mradi ibadilishwe kabla haijaliwa na mchanga.

Kabla ya maendeleo hayo kuenea, misafara ya Afrika ilitegemea nguvu za watu kuliko uimara wa sili. Msafara wa Chaplin na Stella Court Treatt, uliotoka Cape Town mwaka 1924 na kufika Cairo mwaka 1926 kwa magari ya Crossley, ulikutana na mvua kubwa na mito isiyo na madaraja, na mara kwa mara magari yalivutwa kwa kamba kuvuka maji au matope. Katika mazingira hayo kufungua, kukausha na kupaka mafuta upya kulikuwa sehemu ya mwendo wenyewe, kama vile kupika na kulala.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoigeuza kazi hiyo kuwa elimu yenye kanuni. Majeshi yaliyokusudia kushuka ufukoni kutoka kwenye meli yalihitaji maelfu ya magari ya kawaida yapite katika maji ya chumvi na kuanza kazi mara moja. Baada ya shambulio la Dieppe la tarehe 19 Agosti 1942, ambako vifaru vya Churchill viliandaliwa kupita majini, Waingereza waliimarisha majaribio yao katika fukwe za kaskazini mwa Devon, ambako kituo cha majaribio ya operesheni za pamoja kilifanya kazi maeneo ya Westward Ho! na Appledore. Huko magari yaliingizwa majini tena na tena, yakafunguliwa, na maji yakatafutwa yalikopenyea. Waingereza walitumia lahamu nzito yenye grisi, chokaa na nyuzi za asbesto, ambayo mafundi waliikandika kwa mkono penye mianya yote, ingawa madhara ya nyuzi hizo kwa mapafu yalikuwa yameanza kujulikana.

Jambo lililofunzwa na kazi hiyo, na ambalo limesahaulika mara nyingi baadaye, ni kwamba kuziba ni nusu tu ya maandalizi. Gari lililozibwa pande zote halipumui, na gari lisilopumua hujiharibu lenyewe likianza kukimbia nchi kavu. Magari yaliyoshuka Normandy tarehe 6 Juni 1944 yalikuja kwa hiyo na utaratibu wa kuondoa vizibo kwa hatua, hatua ya kwanza ikifanywa karibu na ufuko na nyingine mbele zaidi, kisha mafuta na grisi vikakaguliwa nafasi ilipopatikana. Wamarekani kwa upande wao walipata lori la DUKW, lililoundwa mwaka 1942 kutokana na lori la GMC la magurudumu sita likavishwa mwili wa boti, lakini hata hilo liliacha ekseli zake zikiwa nje ya mwili huo, zikioga maji ya bahari kila safari.

Baada ya vita njia ziligawanyika. Jeshi la Uingereza lilitaka gari dogo lililozibwa tangu kiwandani, likalipata katika Austin Champ ya miaka ya 1950, gari lenye injini ya Rolls-Royce ambalo likiwekewa mkonga liliweza kupita katika maji yenye kina cha karibu mita 2. Lilikuwa kazi bora ya uhandisi, na likashindwa kwa gharama na ugumu wake, kwa kuwa Land Rover, iliyooneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo na kwa ufundi ambao fundi wa mji mdogo aliumudu. Land Rover haikuzibwa yote. Kasha lake la klachi lina tundu chini, ambalo kwa kawaida huachwa wazi ili mafuta yanayovuja yadondoke badala ya kuilowesha klachi, na dereva hupaswa kufunga kizibo hapo kabla ya kuvuka maji marefu na kukiondoa baadaye. Hapo mtengenezaji alimkabidhi mtumiaji sehemu ya ujuzi wa Devon, na uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa maelfu ya vizibo vilipotea na vingine vilisahaulika ndani.

Ujerumani ilijibu kwa njia nyingine. Unimog, iliyobuniwa na Albert Friedrich na kuanza kuundwa kwa wingi mwaka 1948, iliinua kasha la ekseli juu ya kitovu cha gurudumu kwa kutumia gia za ziada magurudumuni, hivyo difu ikachelewa kuguswa na maji. Gari la HMMWV la jeshi la Marekani, lililoingia kazini miaka ya 1980, liliunganisha njia hiyo na nyingine iliyo rahisi kuliko zote, yaani mrija unaotoka kwenye kipumulio cha difu na kupanda hadi sehemu ya juu ya gari. Mrija huo ndio ufumbuzi halisi. Kasha likipoa ghafla, hewa safi huvutwa kutoka juu ya maji, kanieneo ya ndani hulingana na ya nje, na sili hubaki na mzigo mdogo wa maji yaliyolizunguka kasha.

Afrika Mashariki na jirani zake wa magharibi zilikuwa uwanja wa kuyapima mambo haya kwa ukali. Mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 na baadaye kuitwa Safari zilikimbiwa kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, katikati ya masika, na mwaka 1963 na tena 1968 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, mara zote mbili Nick Nowicki na Paddy Cliff wakiibuka washindi kwa Peugeot 404, gari ambalo propela shafti yake ilifungiwa ndani ya bomba. Hayo yalikuwa magari ya barabarani. Mashindano ya Camel Trophy, yaliyopita Zaire mwaka 1983 na Tanzania na Burundi mwaka 1991, yalitumia Land Rover zenye mikonga, na picha zake ziliwafundisha watu wa nchi nyingi kuuona mkonga kama alama ya gari la mito. Fundisho hilo halikukamilika, kwa kuwa mrija wa kipumulio hauonekani katika picha.

Matokeo yake yapo hadi leo katika karakana za Afrika Mashariki. Magari mengi hununuliwa yakiwa na mkonga, ilhali vipumulio vya ekseli zake vimeziba kwa tope lililokauka au mirija yake imekatika karibu na kasha. Maji yakishaingia hutulia chini kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, kisha gia huyakoroga yote pamoja hadi mafuta yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Hasara hapo ni kubwa katika difu za aina ya haipoidi, zilizoingizwa katika magari na Packard mwaka 1926, ambazo meno yake husuguana kwa kuteleza na hutegemea utando mwembamba wa mafuta yenye viungo maalumu. Utando huo ukikatika kwa sababu ya maji, meno huliwa na beringi hushika kutu.

Kazi ya kuzuia hasara hiyo haihitaji fedha nyingi. Kabla ya kuingia majini, gari husimamishwa hadi vitovu na difu vipoe, kwa kuwa kila nyuzi ya joto inayopungua ukingoni hupunguza mvuto wa ndani ya mto. Mrija wa kipumulio hupandishwa hadi ndani ya boneti, ukiachiwa ulegevu wa kutosha kufuata ekseli inapopanda na kushuka, wala hauachiwi bonde ambamo maji yangetuama. Baada ya kuvuka, gari hulazwa usiku kucha, na asubuhi kizibo cha chini cha difu hulegezwa polepole. Kama maji yameingia, yatatangulia kutoka, na mafuta yote hubadilishwa bila kusubiri ratiba. Land Rover Defender ya zamani iliruhusiwa na kiwanda kuvuka milimita 500 za maji na ile ya mwaka 2020 huruhusiwa hadi 900, lakini tarakimu hizo ni za gari jipya lenye sili nzima na mirija iliyo mahali pake. Gari lenye mkonga mpya na kipumulio kilichoziba halijaandaliwa kuvuka maji marefu, na fundi anayelipokea kabla ya masika ana wajibu wa kumwambia hivyo mwenye gari.