Kuchomoka (gia)

Kuchomoka, kwa mafundi wa magari na pikipiki, ni gia kutoka yenyewe na kurudi frii bila dereva kuitoa.

Ndani ya giaboksi ya pikipiki, meno ya gia hubaki yameumana muda wote. Dereva akikanyaga pedali, uma husogeza gia moja pembeni ili vidole vyake viingie kwenye matundu ya jirani yake. Hapo ndipo nguvu inapopita. Vidole vikilika kingo, au uma ukipinda, mzigo wenyewe huzisukuma gia ziachane. Kwa hiyo kasoro huonekana zaidi kwenye mlima au mchanga mzito kuliko kwenye lami tambarare.

Katika kata kama Ruaruke, wilayani Kibiti, bodaboda iliyopakia gunia la korosho inaweza kupoteza nguvu ghafla katikati ya mchanga: injini inanguruma, gurudumu halivutwi. Ni hatari hasa kwa abiria.

Kuchomoka kusichanganywe na klachi kuteleza, ambapo gia haitoki. Kubadili oili hakurudishi vidole vilivyolika. Giaboksi lazima ifunguliwe.