Ugomvi wa Nyuzi za Bolti Uliofika hadi Kisegi

Novemba 18 ni kumbukumbu ya mkataba uliotiwa saini Washington mwaka 1948, Uingereza, Marekani na Kanada zilipokubaliana kutumia nyuzi za bolti za aina moja. Fundi wa Kisegi, Homa Bay au Migori anayehangaika na nati isiyoshika amerithi ugomvi uliozaa mkataba huo.

Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Manchester alikusanya bolti za karakana mbalimbali za Uingereza, akapiga wastani, akapendekeza nyuzi zenye pembe ya digrii 55 na ncha za mviringo. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilikuja na vipimo vya Waingereza.

Mmarekani William Sellers, mwenye karakana ya mashine, hakukubali. Aprili 1864, mbele ya Taasisi ya Franklin huko Philadelphia, alidai kuwa uzi wa Whitworth ulihitaji visu vya aina tatu na kerezo za aina mbili. Wake, wa digrii 60 na ncha bapa, ulichongwa kwa kisu kimoja na kerezo moja, kazi aliyoiweza fundi wa kawaida. Hiyo ilikuwa hoja ya mwenye karakana, nayo ikashinda Marekani. Lakini iliacha mtego. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi. Ya Sellers ina 13. Za robo inchi zote zina 20, kwa hiyo nati huingia ikamdanganya fundi, ilhali pembe hazilingani. Vita Kuu vya Pili vilipowakuta washirika na vipuri visivyoingiliana, ndipo wakaketi.

Baadaye milimita zikatawala, kwa pembe ile ile ya digrii 60. Digrii 55 za Whitworth zimebaki kwenye mabomba yetu ya maji.

Kanuni ya milimita ni nyepesi: chukua kipenyo cha bolti, toa umbali kati ya uzi na uzi, upate keekee ya kutoboa kabla ya kuingiza tapu, kifaa cha kuchonga nyuzi ndani ya tundu. Bolti ya milimita 10 yenye nyuzi za 1.5 hutaka keekee ya 8.5. Ukitoboa kwa 8, tapu huweza kuvunjikia ndani. Kwa 9, nyuzi hutoka fupi na kung'oka mapema.

Bado vijana wetu wa jua kali wanakisia kwa macho. Hilo ni kosa la wanaowafunza. Chati ya keekee ni karatasi moja tu. Kaunti za Homa Bay na Migori ziibandike katika kila karakana ya chuo cha ufundi, pamoja na geji ya kupimia nyuzi.